Mbwa ni wako, jino lake pia ni lako
Somo juu ya kufunga mbwa na kumupa chanjo



Katika masomo haya tumezoea kuzungumuzia mihogo, mupunga na mbuzi. Leo tunasema juu ya munyama mwenye hayuko katika daftari ya koperative na hana bei kwenye soko, lakini anapita katika kila avenii: mbwa. Katika mikutano, malalamiko juu ya mbwa yanarudi kila mara. Mama anasema kuku wake wameisha. Kijana anasema ameanguka na kinga pamoja na mufuko wa muchele. Muzazi anasema mutoto ameumwa na mwenye mbwa amecheka tu. Somo hili linataka tuelewane juu ya jambo moja: mbwa mwenye kutembea ovyo barabarani hana kosa. Kosa liko kwa mutu mwenye kumufuga.

1. Mbwa ana kazi yake

Hatusemi mbwa ni mubaya. Mukulima anamuhitaji. Usiku analinda mbuzi na kuku. Katika shamba anafukuza simbiliki na nyani wenye kuharibu mihogo na mahindi. Na wawindaji wa musitu wetu wanajua mbwa wao kwa sauti ya kengele ya muti yenye wanamufunga shingoni, ili wasimupoteze katika majani marefu.

Lakini tuangalie vizuri. Mbwa wa muwindaji anatembea na mwenyewe, anajua sauti yake, na kazi ikiisha anarudi naye. Mbwa wa shamba anabaki katika shamba. Shida inaanza pale mutu analeta mbwa katika muji, anamuacha asubuhi ajitafutie chakula kwenye takataka na mezani pa wauza nyama, na jioni anamungoja arudi kulinda mulango. Mbwa wa namna hiyo muchana kutwa ni wa barabara, ni usiku tu anakuwa wako. Na ulinzi wake sio ulinzi: mwizi anaweza kumupa kipande cha nyama, sababu amekwisha kuzoea kulishwa na kila mutu.

2. Hasara yenye tunaona

Mbwa mwenye njaa anaanza na mayai, anaenda kwa vifaranga, kisha anafika kwa mwana-mbuzi. Wakiwa wawili ao watatu pamoja wanakuwa na roho ingine. Mbwa mwenye kuwa mupole nyumbani, akiingia katika kundi anakimbiza mbuzi mupaka anaanguka. Mbuzi jike mwenye mimba akikimbizwa vile anaweza kutupa mimba hata kama hakuumwa hata kidogo. Mwenye mbuzi anakuta damu tu na hajui amuulize nani.

Katika bustani ni vile vile. Mbwa analala kwenye kitalu chenye udongo laini, anachimba, na miche ya lengalenga na nyanya inaisha. Tena anaacha mavi. Tunapenda tuseme wazi: mavi ya mbwa sio samadi. Yanabeba mayai ya minyoo yenye kuingia kwa mutu, zaidi kwa watoto wenye kucheza na udongo na kwa mutu mwenye kula mboga bila kuosha. Ukiyaona katika bustani, yaokote na jembe, yazike mbali na mboga na mbali na kisima. Usiyaweke katika shimo la mboleo.

Na kuko barabara. Wamama wanatoka mapema na vitunga kichwani, wengine wanatoka kuvuka Lualaba upande wa Alunguli. Ndugu zetu Waislamu wanaenda sala ya alfajiri, na mate ya mbwa yakigusa nguo ni lazima kuisafisha mbele ya kusali. Vijana wa kinga wanabeba mizigo mizito kutoka vijijini. Mbwa akirukia kinga yenye mufuko mbili ya mupunga, mupanda-kinga hana namna ya kujikinga. Mutu mwenye kufungua mbwa wake saa hizo anafunga barabara ya wote.

3. Hasara yenye haionekani mapema: raje

Kidonda cha jino kinaweza kupona. Kuko kitu kingine ndani ya mate ya mbwa chenye hakiponi: kichaa cha mbwa, ile kwetu watu wanaita raje.

Raje ni ugonjwa wa virusi. Inaishi katika mate ya munyama mugonjwa, inaingia kwa njia ya jino, kwa kukwaruzwa, ao mate yakigusa kidonda, jicho ao mudomo. Kutoka pale inapanda polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Kwa mutu, mara nyingi inachukua miezi miwili ao mitatu mbele alama zionekane. Inaweza kuwa juma moja tu, inaweza kufika mwaka. Hapo njo watu wanadanganyika: kidonda kimekauka, mutoto anacheza, wanasahau. Kisha siku moja mutoto anaogopa maji, anaogopa upepo, anashindwa kumeza. Alama zikiisha kutokea, hakuna dawa: ni kifo, karibu kila mara.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linahesabu kama watu 59.000 wanakufa na raje kila mwaka katika dunia, karibu wote Afrika na Azia. Katika mia, 99 waliipata kwa mbwa. Na kwa kila wagonjwa kumi, karibu wanne ni watoto wenye hawajafika miaka 15. Sisi Wakongomani tunaijua: mwaka 2009, katika hospitali ya watoto ya Kalembelembe kule Kinshasa, waganga waliandika habari za watoto 21 wenye raje. Sababu ya watoto kuwa wengi ni rahisi. Wao wanacheza barabarani, ni wafupi, jino linawafika usoni na kichwani karibu na ubongo, na mara nyingi wanaficha kwamba waliumwa, wakiogopa fimbo. Kwa hiyo tunaomba kila muzazi aambie watoto wake leo: «Mbwa akikuuma, hata kidogo, uniambie. Sitakupiga.»

Mbuzi na ngombe pia wanashikwa na raje. Mbuzi akiumwa na mbwa mwenye kushukiwa, usimuchinje upesi upesi ili uuze nyama. Mufunge peke yake na uite veterineri.

4. Alama kwa mbwa

Wengi wanafikiri mbwa mwenye raje ni lazima awe mukali. Hapana. Kuko wenye kuwa wakali: wanauma miti, mawe, kamba na kila mwenye kupita, na sauti yao inabadilika. Lakini kuko pia wenye kunyamaza: mbwa anajificha kivulini, muguu inalegea, taya inaanguka, mate yanatiririka. Mutu mwenye huruma anafikiri mufupa umekwama katika koo, anaingiza mukono ili autoe. Huyo mutu amejiingizia ugonjwa bila hata kuumwa. Mbwa mwenye kubadilika tabia gafla, mukali kuwa mupole ao mupole kuwa mukali, asiguswe. Watoto waondoshwe, na habari ifike kwa veterineri siku ile ile.

5. Mutu akiumwa: dakika 15 za kwanza

Hapa tunaomba musome polepole, na mwenye kujua kusoma asomee wengine.

Kwanza, osha kidonda na maji mengi yenye kutiririka na sabuni, dakika 15 nzima. Sabuni ya kufulia inafaa. Inavunja virusi. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyofikiri: mutu mumoja amwange maji, mwingine apake sabuni, mwingine aangalie saa kwenye simu.

Pili, weka dawa ya kuua vijidudu, kama betadine ao alikoli. Usiweke majivu, mafuta ya ngazi, pilipili ao majani ya kusaga. Usifunge jiwe nyeusi na kungoja. Vitu hivyo havitoi virusi, na vinakula saa zenye mutu angetumia kufika kwa muganga.

Tatu, enda kwenye kituo cha afya siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo. Muganga ataangalia kama unahitaji chanjo ya raje, na kama kidonda ni kikubwa, na serumu pia. Chanjo ni sindano kadhaa katika siku zenye zinapangwa. Ukianza, maliza. Mama mwenye mimba na mutoto muchanga nao wanaruhusiwa kuipata. Kama kituo cha karibu hakina chanjo, waulize pale pale wapi inapatikana, na musilale juu ya jambo hilo.

Chanjo hiyo sio kitu kipya. Tarehe 6 Julai 1885, kule Paris, Louis Pasteur alianza kumutibu Joseph Meister, mutoto wa miaka tisa mwenye alikuwa ameumwa na mbwa siku mbili mbele. Mutoto aliishi. Ndiyo maana tunasema: mbele ya alama, raje inazuilika. Kisha alama, hapana.

6. Usimuue mbwa upesi: siku kumi

Mutoto akiumwa, watu wanakamata fimbo na kumuua mbwa pale pale. Tunaelewa hasira. Lakini mbwa akiwa anaonekana muzima, na mutu anaweza kumufunga bila hatari, ni vizuri afungwe mahali salama na kuangaliwa siku kumi, veterineri akiwa anajua. Mbwa mwenye alikuwa na raje katika mate siku ya kuuma, katika siku hizo ataonyesha alama na kufa. Akiwa bado muzima kisha siku kumi, basi hakumupa mutu raje siku ile. Habari hiyo inamusaidia muganga kukata shauri.

Musielewe vibaya: matibabu hayangoji siku kumi. Mutu anaoshwa na anaenda kwa muganga saa ile ile. Siku kumi ni za mbwa, sio za mutoto. Na mwenye mbwa hana ruhusa ya kumuficha, kumuuza ao kumupeleka kijijini.

7. Je, tuue mbwa wote wa barabarani?

Swali hili linatoka mara nyingi. Jibu ni hapana, na sio kwa huruma tu. Ukiua mbwa wa avenii, chakula chao cha takataka kinabaki, na wengine wanakuja kukikalia. Mbwa jike anabeba mimba miezi miwili tu. Kisha miezi michache avenii imejaa tena, na hawa wapya hakuna hata mumoja mwenye chanjo. Sumu yenye kutegwa na nyama nayo haichagui: inaua mbwa mwenye kufungwa, nguruwe na kuku, na mutoto anaweza kuiokota.

Kitu chenye kuzuia raje ni chanjo ya mbwa. OMS inasema tufike mbwa 70 kwa mia, kila mwaka. Katika avenii yenye mbwa 20, ni mbwa 14. Tukifika pale, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Katika kisiwa cha Pemba, Zanzibar, kampeni za chanjo ya mbwa zilimaliza raje mwaka 2014. Mwaka 2016 ikarudi kutoka ng'ambo, wakachanja tena kwa bidii, na mwaka 2018 ikaisha tena. Watu wa Pemba wengi ni Waislamu, wenye hawapendi kushika mbwa, na bado waliwaleta kuchanjwa. Pemba inatufundisha mambo mawili: kazi hii inawezekana, na ukiiacha ugonjwa unarudi.

8. Sheria inasema nini

Wengine wanajitetea: «Mbwa alikata kamba, mimi sikuwa pale.» Sheria ya Kongo haikubali jibu hilo. Kifungu cha 261 cha kitabu cha tatu cha kodi sivile, chenye kutoka katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema mwenye munyama, ao mutu mwenye kumutumia, anajibu juu ya hasara yenye munyama ameleta, awe alikuwa chini ya ulinzi wake, awe alipotea ao alitoroka. Kwa maneno mengine: kamba kukatika ni shida yako, sio ya mwenye kuumwa. Kinga yenye kuvunjika, mbuzi mwenye kufa, sindano za mutoto, yote inaweza kudaiwa kwako.

Tunapenda watu wapatane bila kufika mbali. Basi mwenye mbwa, siku mbwa wako anauma, usingoje kuitwa. Enda mwenyewe, upeleke sabuni, useme kama mbwa ana chanjo ao hana, na uende na mugonjwa kwa muganga. Mwenye kuumwa naye apashe mukubwa wa avenii habari, ili kuwe na andiko: siku gani, mbwa wa nani, ameuma wapi.

9. Namna ya kufuga mbwa vizuri

Mbwa kufungwa haimaanishi mbwa kuteswa. Mbwa mwenye kufungwa kwa kamba fupi juani, bila maji, anakuwa mukali zaidi, na siku akiponyoka ni hatari. Fanya hivi:

– Simamisha nguzo mbili, mita 8 ao 10 kati yao. Nyosha waya, ingiza pete yenye kuteleza, funga kamba ya mita 2 kwenye pete. Mbwa anakimbia na kurudi, lakini hafiki barabarani. Kivuli na maji viwe mahali anafika.

– Mukaba wa shingo usibane: vidole viwili vipite chini yake. Kwa mbwa mudogo, uangalie kila juma, sababu anakomaa.

– Ukiwa na lupango ya mianzi yenye kufungwa vizuri, mufungue usiku ndani ya lupango. Asubuhi mufunge mbele ya kufungua mulango.

– Mupe chakula nyumbani, saa moja kila siku. Mbwa mwenye kushiba kwake hana kazi na takataka ya wengine.

– Ukienda naye shambani, mushike na kamba mupaka utoke katika muji.

– Usifuge mbwa wengi kuliko wenye unaweza kulisha na kuchanja. Jike akizaa, tafuta mbele watu wenye kupokea watoto. Kuwatupa sokoni ni kutupa shida yako kwa jirani.

– Chanjo ya raje ianze mbwa akiwa na miezi mitatu, irudiliwe kila mwaka, na karatasi yake uiweke pamoja na karatasi za watoto.

10. Koperative inaweza kufanya nini

Mutu mumoja kumuita veterineri kwa mbwa mumoja ni bei. Tena chanjo inapaswa kukaa katika baridi, kati ya digri 2 na 8, na chupa yenye kufunguliwa haikai siku nyingi. Lakini wanachama wakikusanya mbwa wao siku moja, mahali pamoja, kazi inakuwa nyepesi na gharama inagawanyika. Kamati iandike mbwa wa kila mwanachama: jike ao dume, rangi, siku ya chanjo. Kisha ipeleke hesabu hiyo kwenye ofisi ya jimbo ya kilimo, uvuvi na ufugo, na iombe siku. Wakati wa kiangazi, njia zikiwa kavu, ni wakati muzuri. Na tarehe 28 Septemba, siku ya dunia ya kupiganisha raje, inaweza kuwa siku ya kuangalia nani bado.

Tunashauri pia mukutano uandike katika kanuni ya ndani maneno matatu tu: mwanachama anafunga mbwa wake muchana, mwanachama anaonyesha karatasi ya chanjo kila mwaka, mbwa wa mwanachama akiharibu mali ya mwingine, mwenyewe analipa. Tunaanza na sisi wenyewe. Hatuwezi kwenda kwa mukubwa wa kartie kushitaki mbwa wa wengine na wetu wako barabarani.

Maswali ya kujadili katika mukutano

1. Katika avenii yenu kuko mbwa wangapi, na wangapi wana chanjo? Ili mufike 70 kwa mia, wanabaki wangapi?
2. Kituo gani cha afya karibu nanyi kina chanjo ya raje kwa watu? Nani ataenda kuuliza mbele ya mukutano ujao?
3. Mbwa akiuma mutoto leo jioni, dakika 15 za kwanza mutafanya nini? Mutu mumoja asimame, aonyeshe mbele ya wote na ndoo ya maji na sabuni.
4. Mwanachama mwenye kukataa kufunga mbwa wake, tumufanyie nini?

Swali la tatu musiliruke. Ndoo na sabuni ziko katika kila nyumba. Mutoto mwenye kuumwa leo jioni ataoshwa na mutu mwenye kuwa karibu naye, na huyo mutu anaweza kuwa wewe.